Ndugu Mhariri, yule binti alipata 10.8

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na samahani mapema maana hii itakuwa ndefu, ukiona imezidi kata unapotaka lakini ile sehemu ya binti na gololi niachie. Juzi kati msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba prakto za fizikia sekondari zifutwe, gharama kubwa, shule nyingi vifaa hazina, na isitoshe fizikia ni hesabu tu, si Einstein alikaa na kalamu na karatasi yake akamaliza mchezo. Ile barua nimeisoma mara mbili nikiwa nakunywa chai na mara zote mbili chai imepoa mkononi. Mimi sio mwalimu. Ni mtu wa maabara, yaani yule anayepanga meza kabla darasa halijaingia, anaosha bika, anahesabu stopuwachi asubuhi na kuzihesabu tena mchana kwa sababu zina tabia ya kuota miguu, na hii kazi nimeifanya huku mkoani Tanga zaidi ya miaka ishirini. Digrii sina, ila nimeona watoto wengi sana wakipima vitu.

Sasa cha ajabu namuunga mkono nusu. Prakto kwa jinsi zinavyofanyika siku hizi, hata zikifutwa kesho sijui kama kuna mtu atazililia. Ila sababu yake na yangu ni mbingu na ardhi. Yeye anasema hesabu inatosha, mimi nasema tumeshaifanya itoshe zamani na ndo ugonjwa wenyewe.

Kila mwaka lazima ije ile prakto ya pendulamu, aliyepita kidato cha nne anaikumbuka. Unafunga gololi ya chuma kwenye uzi, unaining'iniza kwenye stendi, unaivuta pembeni kidogo unaiachia, halafu unahesabu ikienda na kurudi mara ishirini huku stopuwachi inakimbia. Unaanza na uzi wa sentimita 100, unapunguza, 90, 80, mpaka 50. Ule muda unaugawa kwa ishirini, unauzidisha kwa wenyewe, unachora grafu, unatafuta slopu, na kwenye slopu unapata g, yaani kitu kikidondoka kinaongeza mwendo kiasi gani kila sekunde. Kitabu kinasema 9.8.

Na shida inaanzia hapohapo, kitabu kimeshasema. Mtoto anajua jibu kabla hajagusa uzi. Kwa hiyo anapika, wenyewe ndo wanavyoita, kupika data. Anaichukua 9.8 anairudisha kinyumenyume kwenye fomula, anapata ule muda unaotakiwa, anaujaza kwenye jedwali, na wale wapishi wazuri wanatia na chumvi, hapa wanaongeza sehemu ya kumi ya sekunde pale wanapunguza, isije ikaonekana imenyooka mno, maana ukipeleka 9.80 kamili mwalimu anashtuka ila 9.76 inapita bila swali. Nimeshakuta meza ambayo gololi haijabembea hata mara moja na jedwali limejaa. Na simlaumu mwalimu, ana watoto sabini na kitu mbele yake na kipindi kimoja, na akisahihisha anaangalia jibu, ataangalia nini kingine.

Miaka michache nyuma kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, mkimya, yeye alikuwa anapima kweli. Nikapita nyuma yake nikakuta ameshika raba na karatasi imeanza kuchanika kwa kufutwa. Vipi tena mwanangu? "Shikamoo mzee. Nimekosea." Marahaba, umekosea wapi? "Sijui, ila jibu sio."

Alikuwa amepata 10.8.

Nikamwambia weka raba chini kwanza tuone jedwali. Kwa uzi wa mita moja alikuwa ameandika sekunde 38.2 wakati wenzake wana 40 na ushee. Lakini grafu yake Mhariri ilikuwa imenyooka kama rula, nukta sita zote zimelala mstarini. Mtu anayepima ovyo hapati kitu kama kile, nukta zake zinatawanyika kama mbuzi waliofunguliwa. Huyu alikuwa anakosea kitu kilekile kila safari, kwa uaminifu kabisa. Nikamwambia rudia, mimi nasikiliza tu. Akavuta gololi, akaiachia, akabonyeza stopuwachi, na palepale akasema "moja".

Umeona? Gololi ndo kwanza inaondoka, haijaenda wala haijarudi, yeye kashahesabu moja. Akifika ishirini kumbe ni kumi na tisa. Nikamwambia anza na sifuri. Akapata 40.2. Alicheka mpaka meza za mbele wakageuka.

Sasa tujiulize nani alitusaidia pale. Bila fomula tusingejua kwamba 38.2 kwa uzi wa mita moja ina walakini, ingebaki namba tu kama namba ya gari. Na bila gololi kubembea tena na mtu kusikiliza, fomula isingetuambia kosa liko mdomoni sio kwenye uzi. Zilihitajiana. Ila angetumia ile raba dakika mbili zaidi angeandika 9.8 yake, angepata maksi zote, na angeendelea kuhesabu kuanzia moja mpaka anazeeka.

Na asidhani mtu ni mambo ya watoto. Mwaka 2011 watu wazima wenye mitambo ya mabilioni walikuwa na 10.8 yao. Jaribio linaitwa OPERA, walikuwa wanapima neutrino, vichembe ambavyo vinapenya mwamba kama hakuna kitu, zinatoka kituo cha utafiti cha CERN pale Geneva zinapita chini kwa chini kilomita 730 mpaka maabara ya Gran Sasso kule Italia. Saa zao zikasema neutrino zinafika mapema kuliko mwanga ungefika, kwa nanosekunde kama 60. Nadharia ya Einstein inasema haiwezekani. Walikaa na ile namba wakahakiki miezi, ikagoma kuondoka, mwisho wakaitoa hadharani, wakasema jamani tumepata hiki, hatukielewi, tusaidieni kutafuta. Mwaka uliofuata ikajulikana, kuna kebo ya faiba ilikuwa haijakazwa sawasawa kwenye kiunganishi. Basi. Watu waliwacheka sana lakini mimi niliwavulia kofia, maana raba walikuwa nayo na hawakuigusa.

Hapo unaweza kusema haya mzee, kwa hiyo namba ikikataa nadharia ujue umekosea kupima, nadharia iko salama. Hapana, ngoja nikupeleke Cayenne.

Cayenne iko Amerika ya Kusini, French Guiana, nyuzi kama 5 kaskazini ya ikweta. Tanga mjini ni nyuzi kama 5 kusini. Yaani ukiikunja ramani pale kwenye ikweta, mstari wetu na wao unalaliana, ingawa wao wako mbali magharibi. Mwaka 1672 alipelekwa huko Mfaransa anaitwa Jean Richer, kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia sayari ya Mars, na alibeba saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris ipige sekunde sawasawa. Kufika Cayenne saa ikaanza kuchelewa, kila siku inapoteza kama dakika mbili na nusu. Ikabidi afupishe pendulamu, sio sana, ni kama milimita tatu hivi, ndo ikakaa sawa. Wakati ule kulikuwa na wataalamu wanaona kwamba pendulamu ya sekunde ina urefu mmoja dunia nzima, hata wakafikiria kuifanya kipimo rasmi cha urefu kwa watu wote. Kwa hiyo Richer aliporudi na habari zake kuna waliomwona mzembe, wengine wakasema ni joto tu la kule limerefusha chuma.

Sasa Richer angekuwa mwanafunzi wetu si angeandika tu ile ya Paris? Nani angemjua? Lakini aliandika aliyoyaona, na mwaka 1687 Newton akayachukua yale mahesabu akayaweka pamoja na nadharia yake ya mvutano, akasema saa haina kosa wala Richer hana kosa, dunia ndo haiko duara kamili, imetuna kiunoni kwa sababu inajizungusha, kwa hiyo mtu wa ikweta yuko mbali zaidi na kitovu, na ule mzunguko nao unampunguzia, g inakuwa ndogo. Leo tunajua ncha za dunia ni kama 9.83 na ikweta ni 9.78. Kwa hiyo mtoto wa Tanga akipima kwa umakini kweli akapata 9.78, halafu akafuta akaandika 9.81 kwa sababu kitabu kilitungwa na mtu wa Ulaya, amefuta umbo la dunia. (Nisiwe muongo, stopuwachi zetu hazina ubavu wa kutenganisha hizo namba mbili, kidole tu kikichelewa kubonyeza umeshapoteza zaidi ya hapo. Lakini umenielewa.)

Hicho ndo kitu ninachotaka kumwambia yule msomaji mwenzangu na ndo kimenifanya nishike kalamu. Namba isiyoendana na nadharia, siku inapotokea, haina alama usoni ya kusema mimi ni kosa au mimi ni ugunduzi. Ya yule binti na ya Richer zinafanana kabisa ukiziangalia kwa nje. Kebo iliyolegea na dunia iliyotuna zote zinabisha hodi vilevile. Huwezi kujua mpaka ufungue mlango, na raba ni kufuli.

Kuna mtu mmoja kwenye historia yalimpata yote mawili, kila nikimfikiria namhurumia. Urbain Le Verrier, Mfaransa, mtu wa hesabu kwelikweli, huyu ndo angempendeza msomaji mwenzetu. Sayari ya Uranus, ambayo iligunduliwa 1781, ilikuwa haipiti pale hesabu za Newton zinaposema ipite, kosa dogo tu lakini linakua mwaka hadi mwaka. Le Verrier akasema Newton hajakosea, kuna sayari nyingine huko nje hatujaiona inaivuta. Akapiga hesabu miezi kadhaa, akapata mahali ilipo, akamwandikia barua Johann Galle kwenye kituo cha kutazama nyota cha Berlin, elekezeni darubini hapa. Barua ikafika tarehe 23 Septemba 1846 na usiku uleule Galle na msaidizi wake wakaiona Neptune, chini ya nyuzi moja kutoka pale alipopasema. Mtu kapata sayari kwa ncha ya kalamu! Hapo ungekuwa wewe ungeringa miaka mingapi?

Basi miaka inaenda, Mercury nayo ikawa na tatizo lake. Njia yake kulizunguka jua inajisogeza taratibu kuliko hesabu inavyoruhusu, ziada yenyewe ni sekunde 43 za pembe kwa karne, na nyuzi moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ili ziada hiyo ifikishe nyuzi moja tu utasubiri miaka zaidi ya 8,000. Kitu kidogo namna hiyo na watu walikipima! Le Verrier mwaka 1859 akatumia dawa ileile iliyomponyesha mwanzo, akasema kuna sayari ndani zaidi karibu na jua, ikapewa jina kabisa, Vulcan. Daktari mmoja wa kijijini Ufaransa akasema ameiona ikipita mbele ya jua, Le Verrier akapanda kwenda kumhoji mwenyewe, akarudi ameridhika. Watu wakaitafuta miaka na miaka, kila jua likipatwa darubini zinaelekezwa huko. Le Verrier akafa 1877 bado anaiamini. Haipo. Haikuwahi kuwepo.

Tatizo lilelile, mtu yuleyule, akili ileile, hesabu za Newton zilezile. Safari ya kwanza nadharia ilikuwa sahihi na mbingu ndo zilikuwa zimeficha kitu, safari ya pili mbingu ziko wazi na nadharia ndo ina pengo. Karatasi peke yake ingemwambia vipi tofauti? Isingeweza. Ilibidi watu wakeshe na darubini, Neptune wakaikuta, Vulcan wakaikosa.

Na hapo ndo anaingia Einstein wa kalamu na karatasi. Zile sekunde 43 za Mercury zilikuwa zimeshapimwa na vizazi vya watu walioharibu macho yao usiku, zinamsubiri mezani. Novemba 1915 alipoona nadharia yake mpya inazitoa bila kulazimisha kitu chochote, mwenyewe alisema moyo ulimwenda mbio. Sasa kama hesabu inatosha moyo ulikuwa unakimbilia wapi?

Halafu likaja lile jua lililopatwa tarehe 29 Mei 1919, giza la mchana linaloonyesha nyota za pembeni ya jua. Einstein alisema mwanga wa nyota ukipita karibu na jua utapinda sekunde 1.75 za pembe, kwa hesabu za Newton unapata nusu yake, kama 0.87. Waingereza wakapeleka timu mbili, moja kisiwa cha Príncipe pwani ya magharibi ya Afrika akiwemo Arthur Eddington, nyingine Sobral, Brazil. Príncipe mawingu yakawasumbua wakaambulia picha chache. Sobral walikuwa na darubini mbili, moja ndogo ikatoa picha safi, 1.98, nyingine picha zake zikatoka kama zimelowa kwa sababu kioo cha kuakisi mwanga kilipata joto la jua, na namba yake ikawa 0.93. Yaani upande wa Newton! Wakaamua ile ya 0.93 wasiipe uzito, wakatangaza Einstein kashinda.

Nikiwasimulia vijana hapa huwa wananishika shati, mzee hao nao si wamepika? Swali zuri sana, wanahistoria wamelumbana nalo miaka mingi. Jibu langu ni hili, ile 0.93 tunaijuaje? Waliichapisha. Wakaandika namba, wakaandika na sababu ya kuitilia shaka, na vile vioo ambavyo picha zilipigwa juu yake wakavitunza. Mwaka 1979 kituo cha nyota cha Greenwich, Uingereza, wakavitoa vilevile vioo vya Sobral vyenye ukungu wakavipima upya kwa mashine, namba ikapanda kuelekea kwa Einstein. Kuweka pembeni namba kwa sababu uliyoiandika ili mjukuu wako aje akukague, na kufuta kwa raba, sio kitu kimoja hata kidogo.

Nisionekane kama napigia debe vipimo peke yake maana kuna na wale wengine, wapo hapa kijiweni kwetu, kila kitu wanakuambia "hiyo ni nadharia tu". Hao nawapeleka Malindi hapo jirani. Karl Schwarzschild alipiga hesabu za Einstein akiwa jeshini kwenye vita ya kwanza, mwaka 1916 zikachapishwa na mwaka huohuo akafariki, na ndani ya zile hesabu mlikuwa na kitu ambacho baadaye kiliitwa shimo jeusi, kidogo na kizito mno hata mwanga hautoki ndani yake. Miaka hamsini na zaidi kikabaki cha karatasini, wakubwa wengi wanakiona mchezo wa hesabu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya inasherehekea miaka saba ya uhuru, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano baharini karibu na Malindi ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ikaiangalia Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei huko angani, ikakuta mwanga wake unapepesa ndani ya muda mfupi kuliko sekunde, maana yake kitu chenyewe ni kidogo sana kwa umbo, na wengine waliofuatilia nyota inayozunguka nacho wakakuta ni kizito mno. Kidogo na kizito mno, kitu gani hicho? Bila zile karatasi za Schwarzschild na wenzake wangebaki wanakodoa macho. Wavuvi wa Malindi waliona moto tu unapanda.

Sasa nimalizie na la nyumbani, ambalo kwa kweli ndo linaniuma.

Erasto Mpemba mnamjua wote, au mnajua jina. 1963, kidato cha tatu, Magamba hapo Lushoto. Watoto wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friji, na nafasi kwenye friji ni ya kugombea. Mpemba akaona atakosa, akatumbukiza yake yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye yake yameganda, ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha bado uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umejichanganya, haiwezekani. Baadaye akakuta hata wauza aiskrimu wa Tanga mjini wanaijua hiyo, wanaweka ya moto makusudi. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya ulimwengu, na darasa likaigeuza utani, akikosea chochote wanasema hesabu ya Mpemba.

Siku moja akaja mgeni, Dokta Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akanyoosha mkono akauliza mbele ya watu, ukichukua bika mbili maji kiasi kimoja, moja nyuzi 35 nyingine 100, ukaziweka kwenye friji, ile ya 100 inaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne mwenyewe hakuamini lakini alisema atajaribu, na aliporudi Dar akamwachia fundi wa maabara yake afanye.

Hapa Mhariri ndo pananigusa, maana huyo fundi ni mimi. Sio mimi kweli, lakini ni mwenzangu, ndo kazi hii hii, na jina lake sijawahi kuliona limeandikwa popote. Alifanya, akarudi akasema ni kweli ya moto imeganda kwanza, halafu akaongeza, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama chizi. Mpaka tupate jibu sahihi! Kashaliona kwa macho yake, kaligusa, barafu ile pale, bado anasema jibu sahihi liko kitabuni. Na sio mjinga, amefundishwa hivyo, ndo yule binti na raba yake. Bahati nzuri Osborne hakuwa na raba, wakarudia kwa kupima, na 1969 yeye na Mpemba wakachapisha kwa majina yao wawili.

Na hadithi haikuishia kwenye ushindi, hilo watu hawapendi kulisema. Mwaka 2016 watafiti wawili huko Uingereza wakarudia kwa umakini mkubwa wakasema hawaoni kitu cha maana, na kwamba themomita ikiwa juu au chini kwa sentimita moja tu ndani ya kikombe inaweza kukuletea Mpemba wa uongo. Mwaka 2017 wengine wakatoa nadharia ya hesabu inayoonyesha kitu cha moto kinaweza kweli kupata njia ya mkato ya kupoa, na 2020 huko Canada wakaionyesha, sio kwa maji wala maziwa, kwa kichembe kimoja cha kioo kisichoonekana kwa macho kilichokuwa kinasukumwa na leza. Kwa hiyo njia ya mkato ipo, ila maji ya kawaida kwenye friji ya kawaida bado wanagombana. Mimi naona hapo ndo patamu, wengine wanaona Mpemba kaonewa tena.

Ninachoomba kwa wanaotunga na kusahihisha ni kitu kidogo. Wekeni maksi kwenye jedwali lililopimwa kweli hata kama g ni 10.8, na maksi nyingine kwa mtoto atakayeandika mistari mitatu anafikiri imekuwa hivyo kwa nini. Vifaa sio kisingizio, uzi na gololi havina bei, na nina stopuwachi kumi na moja, zilikuwa kumi na nne.

Mwaka huu tumeanza ya Mpemba na vijana sita wa kidato cha tatu, Jumamosi, kwenye friza ya dada anayeuza barafu za ubuyu nje ya geti. Tulimuuliza yeye anaonaje, akasema "Mzee mimi huwa sipimi, nikikuta imeganda nauza." Mara ya kwanza ya moto ikawahi, vijana wakapiga kelele mtaa mzima. Mara ya pili na ya tatu ikawahi ya baridi. Ya nne umeme ukakatika. Kijana mmoja akataka tuandike tu kwamba ya moto imewahi mara zote, kwa heshima ya mtu wa kwetu, nikamwomba raba yake nikaiweka mfukoni. Halafu yule aliyekuwa anaandika akagundua kwamba ile siku ya kwanza themomita moja ilikuwa imegusa chini na nyingine inaelea. Jumamosi ijayo tunarudia, tumezifunga zote kwenye vijiti vya mishikaki, sentimita mbili kutoka chini, umeme ukiwepo.

Ni mimi,
Mtu wa maabara, Tanga